Mkono wa Hawe Kahonzi

9 Aprili

Mvua imefika, na paa la zahanati limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kiti changu na si kwingine. Nimesogeza kiti. Emily, mhudumu wa afya wa kijiji anayenisaidia kazi na kunitafsiria Kigiriama kinaponishinda, anasema paa hili lina kisa na watu wa bara kama mimi.

Wagonjwa ni wachache, watu wako mashambani wanapanda. Aliyekuja ni jirani yangu, Hawe Kahonzi. Hawe ni bibi, na hapa kila mtu humwita hivyo ingawa hakujaliwa mtoto. Ni mjane, anaishi peke yake katika boma la ukoo wa marehemu mumewe. Alileta kifungu cha mchunga, mboga ya porini, maana mkono mtupu haulambwi, kisha akanionyesha kiganja cha kulia. Lengelenge kubwa, chini ya vidole. Mpini wa jembe lake ni mnene mno. Aliuchonga mumewe, ambaye alikuwa na mikono mikubwa, na Hawe hataki mwingine. Nikamwambia aupumzishe mkono.

"Mkono ukipumzika, na tumbo nalo lipumzike?" akauliza.

Mchunga ni mchungu kama jina lake. Nimekaa Adu miaka miwili na bado naumeza kama dawa. Lakini namaliza sahani.

10 Aprili

Mvua. Matope mpaka kitandani.

18 Aprili

Pola amefariki.

Ni binti wa Garama, mgema wa mnazi, ambaye ni mtoto wa shemeji yake Hawe Kahonzi na boma lao ni moja. Mtoto alikuwa na miaka minne. Walimleta asubuhi amelegea, macho juu. Walikuwa wamempeleka kwanza kwa mganga, kwa kuwa alishikwa na degedege na hapa degedege ni nyuni, ndege asiyeonekana anayewaingia watoto. Nilipima: malaria, kali. Nikamchoma sindano, nikapiga simu Malindi kuomba gari. Gari lilikwama njiani kwenye matope, likafika mchana. Mtoto alikata roho kabla hawajaiona lami.

Garama alirudi jioni na maiti imefungwa leso. Akaniuliza kama kungekuwa na gari mapema, angepona? Wenzangu wangesema ni mpango wa Mungu. Mimi nilimwambia kweli: huenda angepona. Na angeletwa jana yake, angepona zaidi. Akasema asante, daktari. Mimi si daktari, ni muuguzi, lakini hilo nimechoka kusahihisha.

Nina hasira na kila mtu, mbu akiwemo.

20 Aprili

Tumezika. Nikaeleza tena habari ya malaria kwa akina mama waliokaa mkekani. Walinisikiliza kwa adabu. Garama, aliyekuwa nyuma yetu, akasema polepole kwamba mbu anamjua. Mbu wako Adu nzima na watoto wako Adu nzima. Anachouliza ni nani aliyemwonyesha mbu mlango wake. Chuoni hawakutufundisha swali hilo.

29 Aprili

Kliniki ya chanjo. Watoto wengi. Mvua kidogo.

6 Mei

Emily amenifungia mlango wa stoo ili aniambie jambo. Mtaani wanasema siku moja kabla ya kuugua, Pola alipewa muhogo wa kuchemsha na Hawe Kahonzi. Nikasema kila mtoto wa boma lile amelishwa muhogo na Hawe Kahonzi, hata Garama mwenyewe alilelewa kwa muhogo huo mama yake alipokufa. Emily akasema ndiyo hasa wanachosema. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamuuliza yeye kama anaamini. Emily ni mama wa kanisa, anaimba kwaya. Akapanga chupa za dawa ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Sista, naamini malaria," akasema. "Lakini muhogo wake mimi sasa hivi singekula."

Mwaka jana mzee mmoja ng'ambo ya bonde alikatwa mapanga kitandani kwa maneno kama haya. Nywele zake zilikuwa nyeupe, huo ndio uliokuwa ushahidi.

19 Mei, Jumapili

Mahubiri yalikuwa kuhusu upendo. Hawe Kahonzi alikaa benchi la peke yake. Nilihamia kwake, watu wakageuza shingo.

21 Mei

Leo nimecheka na nikalia, na sijui kipi kilitangulia.

Hawe amekuja zahanati na mvua, kajifunika kanga. Alipoitoa, kichwa chake kilikuwa cheusi ti. Amepaka piko, ile wanawake wa mjini wanayopaka mikononi siku za harusi. Mvua ilikuwa imeishukia, na mistari myeusi imemtiririka shingoni mpaka kwenye hando lake jeupe, ile sketi ya marinda ya Kigiriama. Alikuja kuomba dawa ya kichwa kuwasha. Ngozi imeungua nyuma ya masikio. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu, piko ikatoka na nywele nyeupe zikabaki mkononi mwangu.

Nikamuuliza kwa nini amejitesa hivi na anajijua hana hatia. Akasema yeye anajijua, lakini panga halimjui.

27 Mei

Nimeandika na kufuta mara kadhaa. Leo niandike tu.

Ukoo umekaa kikao, na Hawe Kahonzi mwenyewe ameomba kiraho. Hicho ni kiapo cha Wagiriama. Mganga wa viapo, hapa ni mtu anayeitwa Randu, hutia shoka motoni mpaka liive, kisha hulipitisha juu ya kiganja cha mtuhumiwa. Siku ya tatu wazee hukikagua. Kikiwa na lengelenge, una hatia. Kikiwa safi, neno limekwisha, na atakayelirudia analipa mbuzi.

Nilimfuata shambani. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: chuma cha moto kinaunguza ngozi, ya mchawi na ya mtakatifu. Akaendelea kupalilia. Nikamwambia kuna sheria, kuna chifu, na kuna nyumba Malindi ya kuwatunza wazee wanaotishwa. Akaegemea mpini.

"Sheria itasema siwezi kuuawa," akasema. "Sikiza, mwanangu. Itasema mimi si mchawi?"

Nikasema sheria haijui habari za wachawi.

"Basi," akasema, "shoka linajua."

Nimerudi nikijiambia kwamba mtu aliyekandamizwa tangu utotoni hawezi kuchagua kwa uhuru. Ni sentensi nzuri, niliisikia kwenye semina kule Kikambala, hotelini, tukila samaki. Hapa mezani kwangu imekaa kama mgeni asiyejua pa kuweka mikono.

Emily ananiuliza sisi Wakamba tunawaambia nini watu wa pwani kuhusu uchawi, na wao hupanda basi kuwafuata waganga wetu Kitui. Ni kweli.

1 Juni

Nimempigia chifu.

Alikuja na askari wawili, nami nikafuata nyuma. Watu walikuwa wamejaa uani kwa Garama. Moto ulikuwa umekolea makaa ya mkoko, shoka ndani yake. Randu aliwaona askari, akapotelea kwenye mahindi na mfuko wake wa dawa. Chifu akahutubia: mila potofu, karne hii, kifungo. Askari akamwaga maji kwenye moto. Shoka lilitoa mlio ambao bado nausikia.

Nilitarajia nini? Nilidhani Hawe Kahonzi angenikumbatia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameuweka mkono wake wa kulia juu ya goti, kiganja juu, tayari. Alibaki hivyo hata watu walipoanza kutawanyika.

"Leo ningelala kwangu bila hofu," akaniambia. "Umenizimia moto wangu, mwanangu."

4 Juni

Hakuna mgonjwa hata mmoja. Na mvua haikunyesha, kwa hiyo si mvua.

Emily amenieleza. Wanasema daktari aliita askari kwa kuwa Hawe alijua mkono ungeungua, akamtuma rafiki yake azuie. Kwa hiyo sasa mimi ndiye ushahidi. Kabla ya tarehe moja walikuwa wanashuku, sasa wanajua. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Amepona kweli.

8 Juni

Mahindi ya Hawe yameng'olewa mistari miwili. Mlango wake umepigwa panga alfajiri, kuna mikato mitatu mirefu. Aliuegemea kwa ndani mpaka kukapambazuka.

Sikushauriana na mtu. Nilimpigia Lynn, anayesimamia ile nyumba ya wazee Malindi, akaja na gari kabla ya adhuhuri. Hawe alipanda bila kubisha. Alitaka kubeba jembe. Lynn akamwambia kwa upole kwamba kule hakuna kulima, akalichukua na kuliegemeza ukutani mwa nyumba. Gari lilipoondoka nilisikia mwanamke mmoja akisema, bila hasira yoyote, "Amekimbia. Basi ndiye."

9 Juni

Sikwenda kanisani.

11 Juni

Garama amekuja zahanati. Nilidhani amekuja kwa shari, nikasimama karibu na mlango. Semina yetu ilitufundisha kwamba kesi hizi zote ni za mashamba: mtu anataka ardhi ya mjane, anatafuta neno. Nilikuwa nimeshampima Garama kwa kipimo hicho. Nikamwambia sasa shamba ni lake, afurahi.

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa na kulia kama mtoto. Shamba la nini, akasema, hata lake linamshinda. Yeye alitaka kujua. Alikuwa amebeba neno zito juu ya mwanamke aliyemlisha, na alitaka litoke, upande wowote.

"Mimi pia nilikuwa nishike shoka," akasema.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Katika kiraho kile anayeshtaki huapa pamoja na anayeshtakiwa, mkono kwa mkono. Kama mshtaki amesingizia, wa kwake ndio unaoungua. Mikono yote miwili ikiwa safi, basi hapakuwa na uovu, ilikuwa huzuni tu, na wanakula sahani moja.

Sikulijua hilo. Nimeishi hapa miaka miwili, nimeita askari, na sikuuliza nani mwingine alikuwa anyooshe mkono. Siku ile alikuwa amekaa kigoda cha pili. Nilimwona, nikadhani amekaa tu.

Bado ni chuma cha moto. Bado ni ukatili. Naandika hivi ili nisisahau, kwa sababu leo mchana nilisahau kidogo.

18 Juni

Nimemtembelea Hawe Malindi. Nyumba ni safi, ina kitanda chenye shuka, chai mara mbili, wazee wenzake waliokaa ukutani wakitazama lango. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akitazama viatu vyangu vyenye matope ya Adu. Akauliza mahindi yamefika wapi. Nikasema yanataka palizi ya pili.

Akanyoosha kiganja. Sugu zimeanza kubanduka, chini yake ngozi ni ya waridi, laini. Akasema hapa hata kikombe wanamwoshea.

"Nirudishe, mwanangu, mkono huu usije ukawa wa mtoto mchanga. Wa mtoto utaungua."

Nikamwambia watamuua. Akasema huenda, lakini hapa ameshakufa na wanamletea chai. Lynn anasema haruhusiwi kumzuia mtu kwa nguvu, lakini hashauri. Akaniuliza mimi nashauri nini. Watu wengine wana bahati ya kujua wanachoshauri.

19 Juni

Sijui.

20 Juni

Sijui hata leo. Nikimzuia, nimemfanya mfungwa ili awe huru. Nikimrudisha na akauawa, nitasema nini, kwamba niliheshimu mila? Mvua imenyesha usiku kucha na nimelala vizuri, hilo nalo limeniudhi.

23 Juni, Jumapili

Nimemrudisha. Amelala kwangu, kwenye nyumba ya zahanati, kitanda chake na changu vimegusana. Garama alikuja kumsalimia akiwa mlangoni, hakuingia. Alimwita mama. Wamekubaliana siku ya kiapo.

26 Juni

Analima kutwa. Garama alishapanda tena ile mistari miwili iliyong'olewa, hakumwambia mtu. Jioni Hawe alinionyesha lengelenge, mahali palepale pa Aprili, mpini uleule. Nikamsihi aache jembe mpaka kiapo kipite, wasije wakalidhania la shoka. Akasema magugu hayajui kiapo.

30 Juni

Ndiyo leo. Randu ameshaonekana.

Sikumpigia mtu yeyote. Simu ilikuwa mezani na namba ya chifu ninaijua kwa moyo. Nilikaa zahanati, nimetoa chachi na dawa ya kuungua, nikaziweka kwenye trei kama mtu anayeandaa chai ya wageni. Nilitaka kuomba, lakini niombe nini? Kwamba moto usiunguze? Nikiomba hivyo nimekuwa mmoja wao. Nikiacha kuomba, mkono ni wa Hawe.

Hawakuja kuomba dawa, si yeye, si Garama. Hawe alirudi jioni amekunja ngumi na hakuifungua, wala mimi sikuomba aifungue.

2 Julai

Siku ya kukagua. Nilikuwa nimejiandaa kutokwenda. Wakaja wao.

Walikuja wote, wazee wa ukoo, Randu, wanawake, wakajaa mpaka chini ya paa linalovuja. Kuna mabishano. Kiganja cha Garama ni safi, kigumu kwa kukwea minazi. Kiganja cha Hawe kina alama. Wengine wanasema ni lengelenge la shoka, wengine wanasema alikuwa na lengelenge la jembe kabla, wanawake wa palizi walimwona. Randu anataka kuhukumu, wazee wanakataa kwa kuwa Randu ameshalipwa. Garama akasema daktari aangalie.

Mzee mmoja akamkumbusha kuwa daktari ni rafiki wa mama huyu. Garama akasema anajua. Lakini mtoto wake alipokufa, watu wote walimwambia maneno matamu, na daktari peke yake alimwambia kwamba angemleta mapema angepona. Mtu anayeweza kukuambia hilo maiti ikiwa mkononi, akasema, hawezi kukudanganya.

Nikamkalisha Hawe kwenye kiti changu. Nikavaa glovu, kwa mazoea. Ngozi ilikuwa imechubuka chini ya vidole, imeacha kidonda chekundu. Nilikiangalia kwa muda mrefu. La jembe huwa na kingo za kusuguliwa. La moto huwa limesambaa, na pembeni ngozi hukakamaa. Hili lilikuwa mahali pa jembe kabisa. Na pembeni, upande wa kidole gumba, palikuwa na sehemu ndogo ngumu, ambayo ingeweza kuwa sugu ya zamani. Ingeweza kuwa hivyo. Hawe hakunitazama. Alitazama kuta, bango la mama anayenyonyesha.

Nilihisi Garama nyuma ya bega langu, anapumua. Nilitaka kuwaambia kwamba hata kama ni la moto halina maana yoyote, kwamba moto ni moto. Miezi mitatu nimelisema hilo na halijamfikisha mtu nyumbani kwake.

"Ni la jembe," nikasema.

Garama alipiga magoti akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaweka paji la uso juu yake. Wanawake walipiga vigelegele. Randu alikunja mfuko wake, akanipa mkono kama mtu anavyompa mkono mwenzake wa kazi. Nikaupokea.

5 Julai

Wamekula sahani moja, sima na kuku, na mimi nilikuwepo. Hawe amelala kwake kwa mara ya kwanza tangu arudi. Garama amemwekea mlango mpya.

Leo asubuhi ameniletea mchunga. Alinyoosha kiganja nikiangalie, tukiwa wawili tu. Ilikuwa rahisi kumuuliza. Alinipa nafasi, alingoja. Sikuuliza. Nilimpaka dawa ya kuungua, nikafunga chachi. Dawa hiyo hata kwa jembe inafaa.

Nimekula mchunga wote. Si mchungu kama zamani, au mimi ndiye niliyeharibika.

9 Julai

Mvua imekatika. Mahindi yanakauka vizuri.

12 Julai

Amekuja mwanamume nisiyemjua, kutoka kijiji cha ng'ambo ya bonde. Alikaa foleni mpaka zamu yake ikafika, na hakuwa mgonjwa. Ana mama yake mzee. Kuna maneno. Wamekubaliana kwenda kwa Randu, na ukoo umesema utakubali kiapo kwa sharti moja, kwamba siku ya tatu mkono ukaguliwe na daktari wa Adu. Sifa zangu wamezisikia. Akaniuliza kwa heshima ni siku gani huwa sina kazi nyingi.

Nilifungua mdomo nimwambie juu ya sheria, na juu ya nyumba ya Malindi. Nikamwona Hawe kwenye kigoda, kiganja juu. Nikaliona pia panga kwenye mlango. Nikauona na mkono wa Randu ndani ya mkono wangu.

Nikamwambia Alhamisi.